Binti kaingia timu ya trapu shuleni: geji ipi, na risasi zipi za kununua?

Mama_Neema_MN

Habari zenu wote. Naomba msaada wa wanaoujua mchezo wa trapu, ule wa kupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Tuko Minnesota, binti yangu ana miaka 14 na amejiunga na timu ya shule. Mazoezi yanaanza theluji ikishayeyuka. Kocha ametuma karatasi moja tu: bunduki ya marisau ya geji 12 au 20, risasi za kiwandani (za kujaza upya nyumbani hazikubaliwi), marisau namba 7½, 8 au 9, yasizidi wakia 1 na 1/8, miwani na kinga ya masikio.

Dukani rafu nzima ni maboksi yaliyoandikwa 12 GA, lakini namba zinazofuata hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo nauliza:

1. Geji 20 si ndiyo ya watoto? Neema ni mwembamba, ana kilo 46.
2. Kwenye boksi la risasi nisome nini, na nichukue lipi?
3. Ninunue kiasi gani cha kuanzia?
4. Mzazi asiyejua bunduki anaweza kufanya kosa gani likawa la hatari?

Asanteni.

Mlenga_Sahani

Mama Neema, karibu. Nianze na geji, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapotupa hela.

Geji 20 si bunduki ya mtoto. Ni bunduki yenye mtutu mwembamba zaidi, na kwa kawaida huwa nyepesi, na wepesi huo ndio unaomuumiza mtoto. Teke, yaani bunduki inavyosukuma bega ikifyatuliwa, hutokana na mambo matatu: uzito wa kinachotoka mdomoni mwa mtutu, mwendo wake, na uzito wa bunduki. Chukua risasi mbili zenye marisau ya wakia 7/8, zote futi 1,200 kwa sekunde. Moja ni ya geji 20 ndani ya bunduki ya paundi 6, nyingine ya geji 12 ndani ya bunduki ya paundi 8. Mzigo ni uleule, mwendo uleule, lakini bunduki ya paundi 6 inapiga teke lenye nguvu zaidi kwa theluthi moja. Mtoto hajui geji, anajua bega.

Kwa hiyo ningemtafutia geji 12, semi-otomatiki inayojiendesha kwa gesi, paundi 7½ hadi 8, yenye kitako kinachoweza kufupishwa. Mfumo wa gesi hautoi teke kwa mkupuo mmoja, unalirefusha kidogo, hivyo bega linasukumwa badala ya kugongwa. Kabla ya kununua mpe aiinue hadi shavuni ikiwa tupu na aishike hapo sekunde 20. Mtutu ukianza kushuka mapema, ni nzito mno kwake mwaka huu. Hapo ndipo geji 20 ina maana, lakini iwe semi-otomatiki ya paundi 6½ hadi 7. Usimchukulie ile pampu (bunduki ya kukokiwa kwa mkono kila risasi) nyepesi ya kuwindia wanayokuonyesha kwanza kwa sababu ni rahisi. Pampu nyepesi ya geji 20 ndiyo inayowatoa watoto kwenye mchezo huu.

Sasa boksi. Lina risasi 25. Utakuta mambo haya yameandikwa:

Geji, 12 au 20. Ifanane na iliyochongwa kwenye mtutu.

Urefu, kwa kawaida 2¾. Hizo ni inchi za ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo wake kufunguka, si urefu unaouona kabla. Risasi ya 2¾ inaingia salama kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ya inchi 3. Kinyume chake hapana: ya inchi 3 inaweza kuingia kwenye chemba ya 2¾ bila kukataa, kwa sababu mdomo wake umekunjwa, lakini ikifyatuliwa mdomo unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda. Soma mtutu kwanza, kisha boksi.

Wakia za marisau: 1 1/8, 1, au 7/8. Kwa gramu ni karibu 32, 28 na 25.

Namba ya marisau. Namba ikipanda, punje zinapungua ukubwa. Namba 7½ ina kipenyo cha inchi 0.095, karibu milimita 2.4, namba 8 ni inchi 0.090, karibu 2.3, namba 9 ni 0.080, karibu 2.0. Wakia moja ya 7½ ina punje kama 350, ya 8 kama 410, ya 9 kama 585.

Mwendo, umeandikwa FPS, yaani futi kwa sekunde. Maboksi mengine hayana FPS, yana DRAM au DR. EQ., kwa mfano 2¾ au 3. Usidhani ni uzito wa baruti iliyomo. Ni kipimo kilichobaki tangu enzi za baruti nyeusi, na leo kinaashiria mwendo tu. Kwa wakia 1 1/8, dram 2¾ ni futi 1,145 na dram 3 ni futi 1,200. Kwa wakia 1, dram 2¾ ni futi 1,180.

Cha kuchukua kwa Neema: geji 12, inchi 2¾, wakia 1, namba 8, futi 1,180 au karibu na hapo. Ukiipata ya wakia 7/8 yenye futi 1,200, bora zaidi kwa wiki za mwanzo. Ukilinganisha na ile ya kawaida ya wakia 1 1/8 kwa futi 1,200, ya wakia 1 inapunguza teke kwa karibu moja ya tano, na ya 7/8 kwa zaidi ya theluthi, bunduki ikiwa ileile.

Jihadhari na boksi moja linalofanana sana na haya: 12 GA, 2¾, wakia 1, namba 7½ au 8, lakini FPS 1290. Hizo ni risasi za ndege wa porini. Bei nzuri, namba zinakubalika kwa kocha, na bega la mtoto litakwisha kabla ya sahani ya 25.

Kiasi: raundi moja ni sahani 25, yaani boksi moja. Timu za shule huku mara nyingi hupiga sahani 50 kwa wiki, maboksi mawili. Katoni ina maboksi 10, risasi 250. Anza na katoni moja, usirundike. Ukishajua bunduki yake inapenda ipi, nunua zilizobaki za msimu kwa pamoja.

Mzee_wa_Zamu

Swali la nne naomba nilijibu mimi.

La kwanza na kubwa kuliko yote: risasi za geji 20 na geji 12 zisikutane mfuko mmoja, begi moja wala meza moja. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwenye bunduki ya geji 12 haikai chembani. Inateleza mbele na kukwama pale mtutu unapoanza kupungua. Mtoto anafyatua, kimya. Anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kutia. Anatia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua tena. Mtutu unapasuka karibu kabisa na mkono ulioshika mbele. Maganda ya geji 20 hutengenezwa ya manjano kwa sababu hiyo hiyo, ili jicho liyakatae haraka. Kama mwenzake kwenye timu anatumia 20 na Neema anatumia 12, wasiazimane risasi wala mifuko. Na mwisho wa siku pindueni mifuko nje, hata ile ya koti.

La pili ni mlio. Wote wawili mjifunze sauti ya kawaida. Ikitoka "pu" badala ya "paa", au teke likiwa dogo isivyo kawaida, hapo hapo asimame. Mtutu ubaki kuelekea uwanjani, afungue, atoe kila kitu, na kocha atazame ndani ya mtutu akianzia upande wa chemba. Risasi iliyopungukiwa baruti inaweza kuacha kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau kimekwama ndani. Ukifyatua nyingine juu yake, mtutu unavimba au unapasuka. Watoto wana haraka ya kurudia sahani, mwambieni mapema kwamba hakuna sahani inayokimbizwa.

Akifyatua na isilie kabisa, asiifungue. Mtutu mbele, ahesabu sekunde 30, ndipo afungue. Fataki, kile kiwashio kilicho nyuma ya risasi, huweza kuchelewa.

Kwenye mstari wenyewe: vituo ni vitano, umbali wa yadi 3 kati ya kimoja na kingine, yadi 16 nyuma ya kibanda chenye mashine. Wachezaji watano wanapiga kwa zamu, sahani moja moja, kila mmoja anapiga 5 kisha wote wanasogea kituo kimoja kwenda kulia. Bunduki inatiwa risasi moja tu. Anaweza kuitia wakati mwenzake wa kushoto anajiandaa, ila anafunga zamu yake ikifika. Kusogea ni bunduki ikiwa wazi na tupu, na wa kituo cha 5 anapita nyuma ya wenzake kwenda cha 1, hapiti mbele kamwe. Semi-otomatiki inarusha ganda pembeni, moja kwa moja kwa jirani wa kulia. Kuna kizuizi kidogo cha plastiki cha kulinasa ganda, nunueni, ni adabu kama ilivyo usalama.

Nyumbani: bunduki kwenye kabati la kufuli, risasi kwenye kufuli nyingine. Siku ya mazoezi itoke nyumbani iende klabuni moja kwa moja. Isipitie shuleni, hata ikiwa ndani ya buti la gari.

Kitako_Sawa

Yaliyosemwa ni sahihi, lakini naona wote mmerukia risasi na bunduki haijamkaa bado. Risasi nzuri kuliko zote duniani haitasaidia kama kitako ni kirefu.

Bunduki za dukani zimetengenezwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani, kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako ni kama inchi 14 hadi 14½. Msichana wa miaka 14 mara nyingi anahitaji 12½ hadi 13½. Kikiwa kirefu, anakisukuma nje ya bega hadi kwenye msuli wa mkono, anaegemea nyuma ili kusawazisha uzito, na kila teke linampiga mahali pasipo na nyama. Akija na alama ya bluu kwenye mkono badala ya bega, umeshajua shida iko wapi. Kipimo cha haraka: akiwa ameweka shavu vizuri, kati ya pua yake na kifundo cha kidole gumba cha mkono wa kifyatulio ibaki nafasi ya vidole viwili hivi.

Mpimieni akiwa na nguo za mazoezi! Minnesota mwezi wa nne bado ni koti. Koti nene huongeza karibu nusu inchi, na bunduki iliyomkaa sebuleni inakuwa ndefu uwanjani. Mwezi wa sita anavua koti na inakuwa fupi. Tafuteni kitako chenye vipande vya kuongeza na kupunguza. Baridi hiyo hiyo pia inaweza kuifanya semi-otomatiki ya gesi ishindwe kutoa ganda la risasi nyepesi ya wakia 7/8. Si hatari, kwa sababu sahani ni moja moja, anavuta kishikio kwa mkono tu. Lakini kama inakera, pandisha hadi wakia 1, na safisheni njia ya gesi, masizi ndiyo huwa sababu mara nyingi zaidi kuliko risasi.

Jicho. Kabla ya kununua chochote jueni jicho lipi linatawala. Anyooshe mikono, aunganishe viganja aache tundu dogo, aangalie kitu cha mbali kupitia tundu kwa macho yote mawili, kisha arudishe mikono usoni bila kukipoteza. Tundu litaishia kwenye jicho linalotawala. Kama ni la kushoto na yeye anapiga kulia, atakosa sahani zote kwa mpangilio uleule na mtalaumu risasi. Ama ajifunze kupigia bega la kushoto sasa akiwa mgeni, ndiyo njia bora, au kipande kidogo cha gundi isiyopitisha mwanga kibandikwe kwenye kioo cha miwani mbele ya jicho la kushoto, mahali pale tu anapoona ncha ya mtutu.

Kusimama: uzito kidogo mguu wa mbele, pua iwe mbele ya vidole vya mguu. Shavu liende kwenye kitako kwanza na libaki hapo hadi sahani ivunjike au itue. Sahani nyingi zinakoswa kwa sababu mtoto anainua kichwa ili kuona kama amepiga. Jicho likipanda, mtutu unaelekea juu ya sahani.

Mahali pa kuelekeza mtutu kabla ya kuita, kwa mwanafunzi: kituo cha 1, kona ya kushoto ya paa la kibanda; cha 2, katikati ya kona hiyo na kati ya paa; cha 3, kati kabisa; cha 4 na cha 5 ni vivyo hivyo upande wa kulia. Macho yasitazame mtutu, yatazame mbele zaidi pale sahani inapoanza kuonekana vizuri. Mashine inageuka ndani ya kibanda na hajui itarusha upande gani, hivyo akikodolea ncha ya mtutu, sahani itakuwa imeshampita. Inatoka kwa karibu kilomita 68 kwa saa na kutua yadi 50 hivi kutoka kwenye kibanda. Mpigaji wa kawaida huivunja ikiwa yadi 32 hadi 38 kutoka kwake.

Baba_Juma_Leeds

Niongeze tahadhari moja kwa sababu watu wanasoma ushauri wa nchi tofauti kwenye intaneti na kuuchanganya. Huku Uingereza tunacheza aina inayoitwa DTL: kibanda kinafanana, lakini una risasi mbili kwa kila sahani, pointi 3 ukivunja na ya kwanza, 2 ukivunja na ya pili. Mzigo mwisho gramu 28. Trapu ya Olimpiki ni kitu kingine kabisa: mashine 15 ndani ya handaki, sahani zinaenda mita 76, na mzigo ni gramu 24 tu. Kwa hiyo ukiona mtu anasifu risasi kali ya gramu 24 yenye mwendo mkubwa, huenda anazungumzia sahani inayokimbia kuliko ya Neema.

Lakini chukueni funzo moja: wale wa Olimpiki wanavunja sahani ngumu zaidi kwa gramu 24, ambazo hazifiki hata wakia 7/8. Mtoto wa shule hana sababu ya wakia 1 1/8.

Mlenga, sikubaliani nawe kwenye namba 8. Punje ya 8 ni nyepesi na upepo wa tambarare za huko si mchezo. Sahani ikiondoka kona, imegeuza ukingo, mtoto anachelewa, iko yadi 40. Hapo 7½ inabaki na nguvu ya kuivunja, 8 inaitoboa tundu na sahani inaendelea. Na sheria inataka kipande kinachoonekana kikatike, vumbi peke yake halihesabiwi. Anunue 7½ moja kwa mambo yote.

Mlenga_Sahani

Kaka Leeds, hoja ya upepo naikubali nusu. Wakia 1 ya 7½ ina punje 350, ya 8 ina 410. Mtoto anayeanza hakosi kwa upungufu wa nguvu ya punje, anakosa kwa sababu sahani iko ukingoni mwa mtawanyiko, na hapo punje 60 za ziada zina kazi. Yadi 35 namba 8 inavunja sahani bila shida. Akishaanza kupiga handikapu, yaani kusimama nyuma zaidi, yadi 19 hadi 27, ahamie 7½. Siku ya upepo mkali, 7½ pia, sawa. Namba 9 ndiyo ningeacha kabisa ingawa karatasi ya kocha inairuhusu: ni ya skiti, mchezo mwingine wa sahani za karibu. Kupita yadi 30 inachoka.

Kitu ambacho hakimsaidii ni mwendo. Sheria za ATA, chama cha trapu cha Marekani, zinaruhusu hadi futi 1,290 kwa wakia 1 1/8, 1,325 kwa wakia 1, na 1,350 kwa wakia 7/8. Hiyo ni dari, si lengo. Futi 100 za ziada mdomoni mwa mtutu zinapunguza sentimita chache tu za kutangulia sahani, kwa sababu sahani ya trapu inaondoka mbele yako zaidi kuliko inavyokatiza. Zinaongeza teke kwa uhakika, na teke linaleta ile shida ya kushtuka kabla ya mlio. Ukitaka kuipima, kocha amtilie risasi ya bandia katikati ya zile halisi bila yeye kuona. Mtutu ukizama chini wakati hakuna kilicholia, ameshaanza kuogopa bega lake. Rudi wakia 7/8 na sahani chache, usimwambie ajikaze.

Choki nayo, maana hakuna aliyeigusa bado: ni ule mbano mdomoni mwa mtutu unaoamua marisau yatawanyike kiasi gani. Kwa yadi 16 mwekee choki iliyochongwa M (mbano wa kati) au IM (mkali kidogo zaidi), si F (mbano mkali). Kwa kipimo cha kawaida cha yadi 40 na duara la inchi 30, M huweka karibu asilimia 60 ya punje ndani ya duara, F karibu 70. F inavunja sahani kuwa moshi, inapendeza macho, na inamwadhibu mwanafunzi kwa kila kosa dogo. Kama klabu yenu iko kando ya maji na inadai marisau ya chuma, fungueni choki hatua moja, na msitumie F isipokuwa imeandikwa inafaa chuma. Choki ikazwe kila baada ya raundi, zinalegea zenyewe, na msipige kamwe bila choki mtutu ukiwa na nyuzi zake wazi.

Kuhusu bei: za bei ya juu, kama Winchester AA, Remington STS au Federal Gold Medal, zina marisau yaliyochanganywa na antimoni zaidi, hivyo ni magumu. Punje laini hubondeka wakati wa kufyatuliwa, zikitoka hazina umbo la duara na zinapotea pembeni. Kwa yadi 16 na mwanafunzi, tofauti hiyo haionekani kwenye alama. Nunua za bei ya chini zenye namba nilizotaja, hela inayobaki ilipe sahani za mazoezi.

Mama_Neema_MN

Mmenisaidia sana, Mungu awabariki. Maswali mawili tena. Mimi nina grini kadi, lakini mara nyingi atakayempeleka mazoezini ni mjomba wake, naye yuko kwa viza ya masomo. Akibeba bunduki na risasi kwenye gari kuna neno? La pili: nitajuaje bunduki inapeleka marisau mahali mtoto anapoelekeza?

Karatasi_Kwanza

Dada, la mjomba lina neno kubwa. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kumiliki au kuwa na bunduki AU risasi mikononi mwake. "Kuwa nayo" haimaanishi kununua tu. Kuikodi klabuni, kuishika, au kuwa nayo kwenye gari analoliendesha kunaweza kuhesabika. Ni kosa la jinai na linaweza kumharibia makaratasi yake yote. Kuna misamaha, unaotumika zaidi ni wa mtu aliye na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani, lakini asijipe msamaha mwenyewe, amwone wakili wa uhamiaji kwanza. Hadi hapo mjomba ampeleke Neema tu, bunduki na risasi ziende na wewe au na mzazi mwingine wa timu, au zikae klabuni kama wana kabati.

Wewe mwenye grini kadi sheria ya shirikisho haikuzuii kwa sababu ya hadhi hiyo. Dukani utajaza fomu 4473, na utaulizwa namba yako ya uhamiaji, usiiache kadi nyumbani. Mzazi kumnunulia mwanawe kwa nia ya kumpa inaruhusiwa. Kumnunulia mtu mwingine aliyekatazwa ni kosa. Na msiendeshe kwenda jimbo jingine kwa mazoea: Illinois, ambako uko uwanja mkubwa wa trapu wa Sparta, mkaazi wake hawezi kununua hata boksi la risasi bila kadi ya FOID, kibali cha jimbo hilo cha kumiliki bunduki. Fainali za jimbo lenu zinachezwa Alexandria, hapo hapo Minnesota, kwa hiyo hilo la safari lisikusumbue mwaka huu.

Kitako_Sawa

La kujua marisau yanaenda wapi: karatasi kubwa, futi 4 kwa 4, yadi 35. Weka alama nyeusi katikati. Apige moja akiilenga alama kama anavyoipiga sahani, bila kuchungulia kama bunduki ya shabaha. Tafuta sehemu yenye matundu mengi zaidi, zungushia duara la inchi 30, hesabu. Rudia karatasi tatu kwa kila aina ya risasi, karatasi moja hudanganya. Utazame mambo mawili. Kwanza, katikati ya duara iko wapi ukilinganisha na alama: bunduki ya trapu hupendwa ipige juu kidogo, inchi 3 hadi 6, kwa sababu sahani bado inapanda na mtoto anaweza kuiona juu ya mtutu wakati wote. Ikipiga chini, inueni sehemu ya shavu ya kitako. Ikipiga kushoto au kulia karatasi zote tatu, rudini kwenye jicho na urefu wa kitako kabla ya kumlaumu fundi. Pili, tafuta mapengo ambayo sahani nzima, kipenyo chini kidogo ya sentimita 11, ingepita bila kuguswa na punje tatu au nne. Mapengo mengi katikati, jaribu choki nyingine au risasi ya kampuni nyingine. Bunduki mbili za aina moja hazipendi risasi moja, kwa hiyo usinunue katoni kwa sababu jirani amesifu.

Mzee_wa_Zamu

Jambo moja halijatajwa na kina mama huniuliza mwisho wa msimu badala ya mwanzo: ledi, ile metali yenye sumu inayotengenezewa marisau. Moshi wa fataki na mavumbi ya marisau hukaa mikononi na kwenye nguo. Asile wala asinywe akiwa kwenye mstari. Akimaliza anawe mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, na ile fulana ya mazoezi ifuliwe peke yake. Mfuko wa risasi usitumike kubebea biskuti, na huo mtaukuta kwa kila mtoto.

Mama_Neema_MN

Nimeelewa. Jumamosi tunapima kitako na koti lake, kisha boksi moja la namba 8 na moja la 7½, zote wakia 1, twende nazo kwenye karatasi. Mjomba atabaki dereva tu.

Mlenga_Sahani

Sawa kabisa. Kinga ya masikio mnunulie ya vifuniko vyembamba upande wa shavu. Vile vinene vinagonga kitako kila anapoinua bunduki, na ataanza kuinua kichwa bila kujua kwa nini.